Shahidi wa Namkunda

Namkunda alipewa mlingoti siku ya Jumatatu, mbele ya bweni zima, na mimi ndiye niliyeambiwa nimfunge mkanda.

"Kaza vizuri, Tumu," alisema Mama Hoza, msimamizi wetu. "Mikono yako ndiyo ninayoiamini."

Mikono yangu. Miaka mitatu nilikuwa nikiungoja mlingoti ule, na leo nimebakiwa na sifa ya mikono. Nilipitisha mkanda kiunoni mwa Namkunda, nikaubana, nikaifunga ndoano ya usalama kwenye kamba. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na tisa. Alikuwa na mwaka mmoja tu hapa Kwezindo. Alinitazama akatabasamu, akaninong'oneza, "Dada Tumu, moyo unanienda mbio."

"Utazoea," nikamwambia.

Nilikuwa natamani ateleze. Si kuanguka. Kuteleza tu kidogo, watu wacheke.

Hakuteleza. Alipanda mita arobaini kama mtu anayepanda ngazi za kwao, na alipofika juu ya Wavu wa Saba, penye ukungu mzito kuliko kote, akatoa wimbo. Kwetu anayepanda ndiye hutoa wimbo, nasi tulioshika nyavu chini tunaupokea, ili mikono yote ikung'ute kwa pamoja na matone yashuke kwenye mifereji kwa mara moja. Tangu mito ya mlima huu ilipokauka, miji mitatu ya bondeni inakunywa ukungu tunaoukung'uta sisi. Mtu akikung'uta kwa mwendo wake peke yake, maji yanaishia majanini. Kwa hiyo sauti ya mpandaji ni kazi, si pambo.

Mimi nina sauti. Hakuna anayejua. Mbele ya watu hunikwama kooni kama kiporo kikavu, lakini nikiwa peke yangu stoo nikishona nyavu zilizochanika, naimba mpaka panya wananyamaza. Nilikuwa nimejiambia kwamba kule juu, ndani ya ukungu, ambako hakuna anayeniona, ningeweza.

Sauti ya Namkunda ilishuka. Bweni zima likaipokea. Nami nikaipokea, meno nimeyauma.

*

Sheria ya mlingoti ilikuwa kwamba mpandaji, na yeyote anayengoja zamu ya kupanda, lazima awe na kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi ya mkono. Ilitungwa baada ya msichana mmoja kupanda akiwa mjamzito bila kujijua, akapata kizunguzungu akiwa juu. Mimi nilichomekwa changu siku nilipofika, kidato cha tatu nimekiacha katikati, nikiwa na ndoto zangu. Namkunda hakuwa kwenye orodha ya wanaongoja, kwa hiyo Jumatatu alipanda kwa ruhusa ya Mama Hoza, akachomekwa chake Jumatano ile, zahanati. Mama yake alikubali kwa simu kutoka Upare. Nilikuwepo, kwa sababu alinitaka niwe shahidi wake.

"Kijiti cha bibi zako kilikuwa kinamwaga homoni kiasi kilekile kila siku," Dada Leokadia, muuguzi wetu, alimweleza huku akimpangusa mkono kwa pamba. "Hiki kinasoma damu yako kila saa, kinapunguza na kuongeza chenyewe. Presha kinaiona. Damu ya mwezi ikizidi, kinaiona. Kuna kitu kimoja tu hakikioni."

"Kitu gani?"

"Moyo. Wasichana wengi hakiwafanyi chochote. Muulize Tumu, ana miaka mitatu nacho. Lakini wapo wachache, hasa wa umri wako, ambao homoni zikiingia kutoka nje wanabadilika. Wanalia bila sababu, au hawalii hata penye sababu. Hatuwezi kujua mapema itakuwa nani. Ndiyo maana kuna huyu."

Akaelekeza kidole ukutani, kwenye Msikilizaji. Ni kisanduku cha rangi ya maziwa, kina taa moja na sauti ya mama mtulivu. Waliokitengeneza walikuwa watu wa akili nyingi, ila walikosea jambo moja. Mwanzoni kilikuwa kinamuuliza msichana mwenyewe: habari za moyo wako? Na kila msichana akajibu nzuri. Angejibu nini? Kwetu mtu hata akiwa anatoka mazikoni husema salama kwanza, ndipo aeleze kwamba amefiwa, na kisanduku kilikuwa kinafunga jibu kwenye neno la kwanza. Mwaka mzima milima yote yenye nyavu ikaonekana imejaa wasichana wenye furaha tupu. Walipogundua, wawili walikuwa wameshalazwa hospitali, hawasemi na mtu.

Ndipo ikaja sheria ya shahidi. Kila mwenye kijiti anamchagua mtu anayelala naye chumba kimoja, na kila Ijumaa huyo ndiye anayeulizwa. Majibu matatu mabaya, kijiti kinajifunga chenyewe hukohuko mkononi, na msichana hapandi mlingoti siku arobaini. Shahidi wangu mimi alikuwa Pili, ambaye kila Ijumaa alisema ni mzima kabla swali halijaisha, awahi foleni ya chai.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza Namkunda tulipokuwa tunarudi bweni.

"Pili atanitangaza mlima mzima nikichelewa tu kuamka. Wewe husemi ovyo."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu asiyesema ovyo si lazima awe mtu mwema.

*

Mwezi wa kwanza wote ulikuwa wake. Mama Hoza alianza kumwita mwanangu, jina ambalo sikuwahi kumsikia akimwita mtu. Watu wa idara ya maji walikuja kurekodi sauti yake. Pili alimsuka yebo yebo bila kuombwa, mimi niliyemuomba tangu Idi bado nilikuwa na timutimu zangu. Nikawa mshika kamba wake. Asubuhi namfunga, namshikia, namfungua, halafu naenda stoo kushona nyavu, na huko stoo nilikuwa siimbi tena.

Mwezi wa pili akabadilika. Aliacha kusalimia kwanza. Alikuwa anaacha nusu ya makande yake kwenye bakuli na kuondoka bila kusema nimeshiba. Kila penye nafasi alilala, hata kwenye benchi la mifereji, nguo ikilowa. Wimbo aliutoa mfupi, kisha mfupi zaidi, mpaka akawa anapiga tu filimbi ya msimamizi badala ya kuimba.

"Mlingoti umempanda kichwani," Pili alisema siku moja tukiosha vyombo. "Jana nimemwambia njoo tucheze bao, ananitazama kama mimi ni dirisha."

"Mwacheni, ni mtu wa juu huyo," mwingine akadakia. "Sisi wa chini tusubiri kusalimiwa na ukungu."

"Kesho atataka tumpigie magoti."

"Mimi goti langu bovu, mtampigia nyie."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka Pili akashangaa. "Heh! Leo bubu kasema."

Na kila Ijumaa nilikaa mbele ya Msikilizaji.

"Je, Namkunda analala?"

"Analala." Ni kweli, Jumapili ile alilala tangu chakula cha mchana mpaka cha jioni.

"Je, anakula?"

"Anakula."

"Je, anacheka na wenzake?"

"Kidogo."

Kidogo ilihesabiwa kuwa ndiyo. Sikusema uongo hata mara moja. Nilichagua tu yale majibu mafupi, kwa sababu sikupenda kulitaja jina lake kwa muda mrefu. Tena niliamini kwamba anaringa. Kijiti changu hakikuwahi kunifanya chochote. Kwa nini chake kimfanye? Kila kitu alikuwa nacho yeye. Nilitafuta huzuni usoni mwake nikaona majivuno, kwa kuwa majivuno ndiyo niliyokuwa nayataka.

*

Mshika kamba haangalii juu, ukungu haumruhusu. Anasikia kwa viganja. Uzito wa mpandaji unashuka kwenye kamba, na ukishazoea unajua anavuta pumzi lini, anageuka lini, amefika fundo la ngapi.

Jumanne moja asubuhi, mwezi wa tatu ukielekea kuisha, kamba ikawa nyepesi mikononi mwangu.

Si kwamba ililegea. Ilikuwa nyepesi kama kamba ya kuanikia nguo. Niliita, "Namkunda!" Hakujibu. Niliita tena. Wenzangu walikuwa mbali kwenye Wavu wa Tano, hawakusikia. Nikasimama pale nimekamata kamba isiyo na mtu, nikisikiliza kishindo, na kishindo hakikuja. Nilivuta pumzi, nikaihesabu, nikavuta nyingine. Zilifika kumi na moja. Kisha uzito ukarudi.

Aliposhuka uso wake ulikuwa uleule wa kila siku. Nilimshika mkono kabla hajaondoka.

"Ulifungua ndoano."

"Ilikuwa inanibana."

"Namkunda."

Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa. "Nilitaka kuona kama nitaogopa," alisema. "Sikuogopa, dada Tumu. Mwanzoni nilikuwa naogopa kila siku, nikawa naimba ili hofu iishe. Sasa hofu haipo na wimbo haupo. Nikifika juu ni sawa na nikiwa chini. Nikila ni sawa na nisipokula."

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu mvua za mwanzo." Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi niliona kitu machoni mwake, kikapita. "Usimwambie mtu. Wakinitoa mlingotini nitabaki na nini? Huko ndiko watu wanakonijua."

Nataka kusema kwamba nilimhurumia papo hapo. Lakini kilichonijia kwanza ni hesabu. Siku arobaini. Anayefuata kwenye orodha ni mshika kamba. Nilijiona nimefungwa mkanda, nipo juu, bweni zima limeinua masikio. Nilifurahi, nikiwa nimeushika mkono wake, nao ulikuwa baridi kama bomba.

*

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Hoza. Alikuwa anapima maji kwenye tangi kubwa, ufito wa alama mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tumu. Sema."

"Namkunda hafai kupanda."

Aliweka ufito wake chini polepole. "Amefanya nini?"

Nilimweleza juu ya kamba. Nilipokuwa naeleza nilisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa yananuka. Kamba ilikuwa nyepesi, nani aliona? Mimi. Nani mwingine? Hakuna. Na yeye Namkunda anasemaje? Amesema nisimwambie mtu.

Mama Hoza alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniwekea mkono begani, na hicho ndicho kilichoniuma. "Mwantumu. Najua ulikuwa unautaka mlingoti ule. Nilikuona siku ile ulivyokuwa unamfunga. Mtoto anachoka, nitampumzisha Jumapili. Usijichafue mwanamke mzima kwa kijicho."

"Sina kijicho, mama."

"Huna?"

Niliokota ufito wake, nikamrudishia, nikaondoka.

Nilikwenda zahanati. Dada Leokadia alikuwa ameteremka bondeni kwenye chanjo, atarudi Jumatatu. Wiki ile Alhamisi na Ijumaa tulikuwa tunasafisha mifereji, lakini Jumamosi Namkunda angepanda tena. Nilifikiria kugoma kushika kamba, lakini Pili angeishika, na Pili hushika kamba huku anapiga soga. Nilikuwa nimebakiwa na kisanduku peke yake.

Ijumaa nilikaa mbele yake.

"Je, Namkunda analala?"

"Analala sana. Analala kama mtu anayejificha."

Taa ikabadilika kidogo. "Je, anakula?"

"Hali."

"Je, anacheka na wenzake?"

"Hacheki, haimbi, haogopi. Jumanne alifungua ndoano akiwa juu."

Taa ikatulia. Nilidhani kimemaliza. Lakini kulikuwa na swali la mwisho, lililoongezwa baada ya wasichana wa milima mingine kuanza kusemana kwa chuki. Ijumaa zote zilizopita sikuwahi kuulizwa, kwa sababu huulizwa tu pale majibu yakiwa mabaya.

"Je, wewe shahidi utafaidika kwa namna yoyote na majibu haya?"

Nililijua swali hilo, wote tulilijua. Nikisema ndiyo, majibu yangu yanawekwa kando wiki mbili mpaka achaguliwe shahidi mwingine. Wiki mbili za Namkunda juu ya mlingoti. Nikisema hapana, kijiti kinajifunga usiku huohuo, naye yu salama, na mlingoti ni wangu. Ukweli ungemwacha juu. Uongo ungemteremsha, na ungenipandisha mimi.

Nilitafuta ndani yangu ile sehemu inayomtakia mema, nikaikuta. Nikatafuta ile inayoutaka mlingoti, nayo nikaikuta, zimekaa pamoja, zinataka jibu moja. Ingekuwa rahisi kama zingegombana.

"Jibu halijasikika," kilisema kisanduku. "Je, utafaidika?"

"Hapana," nikasema.

*

Jumamosi asubuhi taa ya mlingoti ilikuwa nyekundu, na kwenye ubao wa zamu jina langu lilikuwa limeandikwa chini ya jina la Namkunda lililopigwa mstari. Watu walisoma, wakanigeukia mmoja mmoja.

"Kumbe!" alisema Pili. "Kumbe ule ukimya wote ulikuwa unatunga."

Siku zile hakuna aliyenisogezea hata chumvi mezani. Namkunda alihamishiwa chumba cha zahanati. Nilipompelekea nguo zake alizipokea, akafunga mlango taratibu, bila neno, bila hata kukunja uso. Afadhali angenipiga.

Jumatatu Dada Leokadia alikitoa kijiti chote. Alimwambia Namkunda kwamba moyo unaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi, na kwamba kama chanzo si kijiti watajua pia, na kwa vyovyote atakaa naye kila siku, wanywe chai, hata kama hataki kusema. Nilisikia haya nikiwa nje ya dirisha. Alipotoka nikamwambia yote, hata jibu langu la mwisho.

"Nilijua," alisema. "Naijua orodha."

"Sasa utaniripoti?"

"Nitaandika. Watakuja kukuuliza, na utawajibu." Akaelekeza kidole bondeni. "Lakini kuna miji mitatu huko chini, Tumu, na aliyebaki na ruhusa ya kupanda ni wewe. Ulitaka kupanda, utapanda. Kama unatafuta adhabu, hiyo hapo."

Ila hakuna aliyetaka kushika kamba yangu. Mama Hoza alimwita Pili, Pili akasema mkono unamuuma. Aliita mwingine, naye akasema anaumwa tumbo. Wavu wa Saba ukakaa bila mtu wiki tatu, ukaota ukoga, na mifereji ikaanza kukoroma kwa kukosa maji. Watu wa idara walipiga simu asubuhi na jioni.

Ilikuwa Alhamisi Mama Hoza alipotuita wote chini ya mlingoti. Nilikuwa nimejifunga mkanda mwenyewe. "Naomba mtu mmoja," alisema. "Sijali mnampenda au hammpendi. Mtu mmoja wa kushika kamba."

Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Ndipo nikasikia watu wakipisha. Namkunda alikuwa anakuja kutoka zahanati, khanga begani, amekonda. Aliokota kamba. Aliipitisha mkononi mara mbili kama nilivyomfundisha, akaivuta kujaribu, halafu akanitazama, na uso wake ukaanza kutetemeka.

"Mshenzi wewe!" alipiga kelele. "Mshenzi mkubwa!"

Pili akaguna kwa kuridhika. Nikangoja aseme juu ya mlingoti, kama wote walivyokuwa wamesema.

"Miezi miwili!" alisema Namkunda. "Tulikuwa tunalala kitanda kwa kitanda. Uliniona ninaisha, ukanyamaza! Kila Ijumaa unaenda, unarudi, unaniambia tayari. Nilikuchagua wewe! Na siku uliyoamua kusema, umekwenda kuliambia sanduku. Mimi nilikuwa pale pale, Tumu. Ungeniambia mimi!"

Machozi yalikuwa yanamtoka, na kamasi, hakufuta. Watu sitini walikuwa wanamtazama. Bweni lote lilikuwa limenihukumu kwa siku niliyosema. Ni yeye peke yake aliyenihukumu kwa siku nilizonyamaza, na ni yeye peke yake aliyekuwa sahihi.

"Ni kweli," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Nilikuwa nakuonea wivu. Niliona, nikataka iwe majivuno."

"Bado sijakusamehe."

"Sawa."

"Nitakukasirikia mpaka nichoke."

"Sawa."

Alipiga chafya, akaikaza kamba kiganjani mpaka nikausikia mvuto wake kiunoni mwangu, imara, hasira yote imo humo. "Panda basi," alisema. "Watu wana kiu."

Niliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Nyuma yangu alikuwa bado analia kwa sauti, akitukana katikati ya kilio, bila kumwonea haya mtu yeyote, kama mtoto aliyetoka tu kuzaliwa. Mimi maishani mwangu sijawahi kulia hivyo mbele ya watu. Nilipanda kuelekea kwenye ukungu, nikimwonea wivu.